Sura ya Nne: Kufuata Maji, Kufuata Reli

Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ina sifa mbaya, na sifa hiyo imeipata kwa haki. Malori hayaishi, mabasi yanapitana kwa ubishi, na dereva wa gari dogo akishaiacha Mariakani humwomba Mungu tu amfikishe. Hata hivyo, kwa mpenzi wa treni mwenye kamera na muda wa kutosha, sijaona barabara nyingine Afrika Mashariki inayoishinda. Kwa takribani kilomita 480 inaandamana na reli mbili. Moja ni ile ya zamani, yenye upana wa mita moja, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Nyingine ni reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria katikati ya mwaka 2017. Mara ziko kushoto, mara kulia. Hapa SGR inapita juu ya gari lako kwenye daraja la zege; pale reli ya zamani inajipenyeza vichakani, hatua chache kutoka vibanda vya nyanya na vitunguu.

Jambo moja limenikaa kwa kuifuata njia hii mara kwa mara: ukitaka picha nzuri za treni hapa, kwanza ujue maji yalikuwa wapi. Injini ya mvuke ilikuwa na kiu kubwa, na nchi iliyo kati ya pwani na nyanda za juu ni kavu. Wajenzi walitafuta mito na chemchemi, wakajenga stesheni na matangi hapo, kisha wakaja wauza chai, wenye maduka na mafundi, na miji ikamea. Voi, Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, zote zimekaa penye mto au chemchemi. SGR inakwenda kwa dizeli, haimwombi mtu maji, hivyo imenyooshwa juu ya matuta na madaraja kama wahandisi walivyoichora. Reli ya zamani inapinda kwa sababu nchi ilikuwa inaiamuru. Ile mpya inapita juu ya nchi. Mpiga picha akiijua tofauti hiyo, anajua wapi asimamishe gari, aelekeze lenzi wapi, na angoje kitu gani.

Maandalizi ni machache. Treni za abiria za SGR zina ratiba inayojulikana: kuna ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya alasiri inayokwenda moja kwa moja, na ya usiku, na kila moja ina mwenzake anayetoka upande wa pili. Ukiwa na saa na ramani, unaweza kukadiria itakupita wapi. Treni za mizigo hazitangaziwi mtu ratiba, lakini hutoka bandarini siku nzima, na anayekaa mahali pamoja kwa subira hupata zaidi ya moja. Reli ya zamani ndiyo inayokutesa. Treni yake ya abiria ya usiku ilikwisha Aprili 2017. Zilizobaki ni za mizigo, zinapita mara moja moja, na kuipata mojawapo kwenye mwanga mzuri ni bahati ambayo mtu hujivunia mwaka mzima.

Usijaribu kuifukuza treni ya abiria ya SGR kwa gari. Inakwenda hadi kilomita 120 kwa saa na haingoji lori la mtu. Tangulia, chagua mahali, egesha mbali na lami, ungoje. Ile ya mizigo ya reli ya zamani ni habari nyingine. Inapanda polepole, inapumua kwenye kona, inasimama stesheni kupisha, na dereva wa gari mwenye adabu anaweza kuipiga picha, akaipita, akaitangulia tena mbele. Kufukuzana huko ndiko kunakoitia barabara hii utamu. Sharti ni kwamba anayeendesha asiwe ndiye anayeangalia treni. Siku zote mimi huenda na mwenzangu, na tumeapa: mmoja macho barabarani, mmoja macho kwenye reli.

Kuhusu mwanga, yafaa niseme kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza safari. Reli zote mbili zinatoka Mombasa zikielekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo jua la asubuhi, linalotoka mashariki, humulika uso wa treni inayoteremka kwenda Mombasa, na jua la alasiri humulika uso wa ile inayopanda kwenda Nairobi. Anayeyakumbuka hayo ameshaokoa nusu ya picha zake. Kisha kuna suala la mwezi. Tuko kusini kidogo ya ikweta: mwezi wa Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na Desemba hukaa upande wa kusini. Picha uliyoipata Desemba ukiwa umesimama upande mmoja wa tuta, Julai utaiona nyeusi tii ukisimama pale pale, kwa kuwa ubavu wa treni unaokukabili umeingia kivulini. Na kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua liko utosini. Linapaka mabehewa mwanga mkali juu na giza chini, na chasisi yote, yaani magurudumu, springi na vifungo vya breki, humezwa na kivuli. Saa hizo nakula, nalala, au naongea na watu.

Kuhusu usalama wa mtu na wa reli sina mzaha. Tuta la SGR si mahali pa kupanda, na uzio wake haukuwekwa kwa mapambo. Stesheni, madaraja na bandari ni mahali ambapo askari wana haki ya kukuuliza unafanya nini. Mjibu kwa heshima, mwonyeshe picha ulizopiga, na akikwambia uondoke, ondoka. Ndani ya stesheni omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Picha nyingi nzuri hupatikana kutoka nje kabisa ya eneo la reli, kandokando ya barabara ambako mbuzi wanalisha.

Kutoka Mombasa nchi inapanda mara moja. Changamwe, Miritini, Mazeras: kwenye gari huhisi sana, lakini kwa treni huo ni mlima wa kwanza, na injini za mizigo husikika kabla hazijaonekana. Pita Mariakani. Baada ya hapo minazi inakwisha, ardhi inageuka nyekundu, na unaingia nyika ya Taru. Tazama majina ya stesheni za reli ya zamani ukiwa na ramani mkononi. Mojawapo ni Maji ya Chumvi. Hapa ndipo ujenzi ulipokuwa mgumu mwanzoni. Reli ilikuwa inasonga mbele katika nchi isiyo na maji ya kunywa, kwa hiyo treni za maji zilikuwa zikitoka nyuma kila siku kuwapelekea wafanyakazi na injini. Ng'ombe na punda wa kazi walikufa kwa ndorobo. Waliotandika mataruma hayo walikuwa hasa vibarua walioletwa kutoka India. Katika miaka yote ya ujenzi, hadi Kisumu mwaka 1901, walipita zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 walifia huku, wengi kwa maradhi. Idadi hiyo haisemwi sana. Watu huwajua simba wa Tsavo, hawawajui waliokufa kwa homa Taru.

Mackinnon Road ni mahali pa kusimama hata kama hakuna treni inayokuja. Msikiti upo kandokando ya reli ya zamani, na ndani yake kuna kaburi la Sayyid Baghali Shah. Inasimuliwa kwamba alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa reli waliotoka India, na kwamba karai la kokoto alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wa dini zote husimama hapo, hunawa, huomba wafike salama, na kuendelea. Ukipanga picha vizuri, msikiti na reli huingia katika fremu moja, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kwamba njia hii ilijengwa na watu waliokuwa na dua zao. Omba ruhusa, vua viatu, na usiwapige picha wanaoswali.

Kutoka hapo hadi Voi, vilima vya Sagala vinajitokeza kushoto na reli inakuwa rahisi kupigwa picha kuliko mahali pote nyuma. Nchi ni wazi, vichaka ni vifupi, na SGR imeinuliwa juu ya tuta. Treni ya makontena yenye mabehewa 50 na ushee haiingii katika picha iliyopigwa kwa karibu. Itakatwa tu, kichwa huku na mkia kule usikojua. Rudi nyuma. Tafuta mwinuko ulio mbali kidogo, hata mita 500 au zaidi, tumia lenzi ndefu, na iache treni yote ijinyooshe mbele ya vilima. Vichwa vya treni za mizigo vya SGR ni vya aina ya DF8B kutoka China, na treni nzito hupewa viwili. Vikianza kupanda kutoka Voi unasikia mngurumo wao kifuani.

Voi ndipo ninapopenda kulala. Ni mji wa reli kweli kweli. Hapa mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walianza kutandika tawi la kuelekea magharibi, wapate kuwapeleka askari hadi mpaka wa koloni la Wajerumani. Wajerumani walikuwa wakivamia reli ya Mombasa mara kwa mara na kuilipua, na waliokuwa wakilinda Voi na Tsavo hawakulala raha. Mwaka 1916 tawi hilo lilifika Taveta, likavuka mpaka na kuungana na reli ya Wajerumani ya Tanga–Moshi, pale Kahe. Ndivyo reli za Kenya na za Tanganyika zilivyokutana kwa mara ya kwanza: kwa sababu ya vita, kwa haraka, juu ya ardhi ambayo kabla ya hapo ilikuwa njia ya misafara. Barabara ya Voi kwenda Taveta bado inaandamana na tawi hilo katika mashamba ya mkonge, na mwenye siku ya ziada asiache kulipita.

Karibu na stesheni ya zamani ya Voi nilikutana na mzee mmoja aliyestaafu kutoka reli. Alikuwa ameketi kwenye benchi la duka na kikombe cha chai ya tangawizi, akitazama kamera yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unangoja gari gani?"

Nikamwambia nangoja ya mizigo kwenye reli ya zamani, nimesikia huenda ikapita.

"Huenda," akasema. "Zamani hatukuwa na huenda. Ilikuwa inajulikana."

Alianza kazi kama msaidizi wa dereva kwenye injini za mvuke mwishoni mwishoni mwa enzi zao, akaingia kwenye dizeli, na akastaafu akiwa dereva. Nilimwuliza kuhusu vibali vya njia moja, kwa kuwa reli ya zamani ni njia moja tu na treni mbili haziwezi kuwa kati ya stesheni mbili kwa wakati mmoja. Akasimama kunionyesha. Msaidizi wa stesheni alikuwa akisimama kando ya reli akiinua juu pete kubwa ya waya, na kwenye pete kumefungwa mfuko mdogo wenye kibali cha kuingia kipande kilicho mbele. Treni isiyosimama ilikuwa inapita, na aliyekuwa upande huo wa injini alitoa mkono nje, kiwiko kimekunjwa, akaiacha pete imwingie mkononi hadi begani. Mzee akakunja mkono wake wa kushoto, akageuza bega nyuma kidogo.

"Hivi. Ukikaza mkono, unavunjika. Unauacha urudi nyuma na pete."

"Na usiku?"

"Usiku yule wa chini ana taa. Unaitazama taa, hutazami pete. Ukiitazama pete, umeikosa, na ukiikosa unafunga breki, gari zima linasimama, na asubuhi unaitwa ofisini."

Nilimwomba arudie mkono ule, na nikaupiga picha. Kati ya picha zote nilizonazo za njia hii, hiyo ni miongoni mwa chache ambazo ningehuzunika kweli zikipotea. Injini zimehifadhiwa kwenye makumbusho, lakini namna ya kukunja kiwiko gizani imehifadhiwa kwenye mabega ya wazee wachache tu, na kila mwaka wanapungua. Mpenzi wa treni anayerudi nyumbani na namba za vichwa peke yake ameacha nusu ya reli njiani.

Tsavo iko mbele kidogo tu. Barabara kuu inavuka mto karibu na daraja la reli ya zamani, na SGR inavuka bonde kwa daraja lake refu, karibu kilomita 2. Hapo ndipo utakapoiona ile tofauti niliyoitaja mwanzoni. Daraja la zamani liko chini, limeushukia mto, kwa kuwa injini zilikuwa zikihitaji maji yake. La SGR limepaa juu na kuuacha mto uende zake. Mwaka 1898 kazi ya daraja la kwanza ilisimama kwa wiki kadhaa kwa sababu ya simba wawili madume wasio na manyoya shingoni, waliokuwa wakiwatoa watu kwenye mahema usiku. Msimamizi wa ujenzi, J. H. Patterson, aliwaua mwezi wa Desemba mwaka huo, na ngozi zao baadaye zikauzwa kwa makumbusho ya Field, Chicago, ambako wapo hadi leo. Patterson alikuja kudai kwamba walikula watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya yao na kuchapisha matokeo mwaka 2009 walikadiria 35. Hata 35 ni wengi mno kwa kambi ya watu waliolala kwenye turubai.

Siku hizi wanyama wakubwa utakaowaona ni tembo, wekundu kwa udongo wa huku. SGR imekata mbuga, na ndiyo sababu matuta yake yana mapito ya chini yaliyojengwa ili tembo wavuke. Wengine huyatumia, wengine husimama kwenye uzio wakifikiria. Kila mpiga picha wa treni anayepita Tsavo anaiota picha moja: tembo mbele, treni nyuma yake juu ya daraja. Kuipata kunataka subira ya siku nyingi, na haifai kumsogelea tembo ili kuipata. Kaa ndani ya gari. Kati ya Manyani na Tsavo hakuna sababu ya mtu kushuka na kutembea vichakani.

Mtito Andei ni nusu ya njia, na kila basi husimama hapo kula. Mimi hupita haraka. Kinachonivuta ni kipande kinachofuata, kuelekea Kibwezi, penye mibuyu. Mbuyu unasimama mahali pake miaka mia kwa mia, na treni inaupita kwa sekunde chache, hivyo picha inajipanga yenyewe: weka mbuyu karibu, upande mmoja wa fremu, na iache treni ijitokeze kwenye nafasi iliyobaki. Kwa treni ya abiria inayokimbia tumia kasi ya sekunde 1/1000 au zaidi, la sivyo uso wake utakuwa ukungu. Anza kupiga kabla haijafika unapoitaka. Ukingoja ifike, imeshapita.

Makindu ndipo historia ya maji inapoonekana waziwazi kuliko pote. Chemchemi za hapa hutoka kwenye miamba ya volkano ya Chyulu, na kwa sababu hiyo mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha injini za mvuke, chenye karakana na nyumba za wafanyakazi. Makalasinga waliofanya kazi kwenye reli walijenga hekalu lao hapa mwaka 1926. Lipo bado, kando ya barabara, na desturi yake haijabadilika: msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakaribishwa kula bure na hata kulala. Unafunika kichwa, unavua viatu, unaketi na wengine, unapewa dengu, chapati, wali na chai ya maziwa, na hakuna anayekuuliza unatoka wapi wala unaamini nini. Mwishoni unaosha vyombo pamoja na wengine kama ukitaka kusaidia, na unatoa sadaka kama unayo. Jua likiwa utosini na picha hazifai, hakuna mahali bora pa kukaa. Nje, kuelekea reli ya zamani, bado utaona majengo ya mawe yaliyojengwa kwa ajili ya watu wa mvuke. Baadhi yana madirisha yaliyoziba kwa vumbi, na paa zimeanza kuachia. Yapigwe picha sasa, moja moja, mlango kwa mlango.

Mbele ya hapo nchi inazidi kupanda na hewa inabadilika. Emali, kisha Sultan Hamud, mji unaobeba jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala wakati reli ikijengwa. Asubuhi safi, Kilimanjaro huonekana kutoka sehemu hizi, upande wa kusini, kabla mawingu hayajaifunika. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshasimama mahali pako. Saa tatu mlima umekwisha.

Kisha Kima, stesheni ndogo ambayo wengi hawaioni. Mwezi wa Juni 1900, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala humo ndani ya behewa lililoegeshwa kwenye njia ya pembeni. Alikuja pamoja na Wazungu wengine wawili kumvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu. Yeye alipewa zamu ya kukesha, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma kando, uzito wake ukalilaza behewa upande mmoja na mlango ukajifunga nyuma yake, akatoka na Ryall dirishani. Behewa lenyewe lipo Nairobi, na tutalifikia.

Konza ni makutano. Hapa ndipo tawi la Magadi linapoachana na njia kuu, likapita Kajiado na kuteremka Bonde la Ufa hadi kwenye ziwa la magadi. Lilijengwa katika miaka ya mwanzo ya 1910 na bado linaishi kwa kazi ile ile: magadi kwenda chini pwani, mabehewa matupu kurudi juu. Kwa mpenzi wa reli ya zamani, hapa ndipo pa kupiga kambi. Ukiona mabehewa yaliyopakwa unga mweupe kila pembe, umepata ulichokifuata. Ngoja kichwa kinachoongoza kifike kwenye kona, na ukipige kikiwa kinakunja, mabehewa yote yakionekana nyuma yake.

Nairobi yenyewe ilizaliwa kwa sababu zile zile za maji. Wajenzi walipofika mwaka 1899 walikuta ardhi tambarare yenye mto, mahali pa mwisho pa kufaa kuweka karakana na maghala kabla ya kupambana na milima na Bonde la Ufa. Wakaweka bohari yao hapo, na mji mkuu ukaja baadaye. Ukifika, acha gari mbali na msongamano na utembee hadi Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Behewa la Ryall liko hapo. Tazama ukubwa wa dirisha. Iko pia injini namba 3020, inayoitwa Nyaturu kwa jina la watu wa Singida, kwa sababu Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja hadi ilipovunjika mwaka 1977, na baadhi ya injini zake zilibeba majina ya makabila ya nchi zote.

Lakini ninayokwenda kuiona kwanza kila mara ni 5918, Mount Gelai. Ni injini ya mvuke ya muundo wa Garratt, aina ya 59, moja kati ya 34 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock, Manchester, na kuletwa mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia hii hii ya Mombasa–Nairobi. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyokuwa na nguvu kuishinda. Ina uzito wa tani 252, urefu wa karibu mita 32, na ilikuwa ikibeba zaidi ya lita 30,000 za maji kwa mara moja. Zilipewa majina ya milima, na mbili zilizobaki zote zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena.

Usihangaike kuiingiza yote kwenye picha moja. Uwanja hauruhusu, na ukilazimisha kwa lenzi pana itaonekana imepinda. Igawe. Piga tangi la maji la mbele, halafu bomba la moshi, halafu pale boila inapokaa juu ya fremu kati ya seti mbili za magurudumu. Muundo huo ndio uliowezesha injini nzito hivyo kupinda kwenye kona za reli ya zamani, zile kona ulizozifuata kwa gari kutoka pwani. Kisha panda kwenye chumba cha dereva, usimame upande wa dirisha, utoe mkono nje na ukunje kiwiko. Utaona dirisha lilivyo juu, na kwamba yule wa chini alilazimika kuinua pete ile juu ya kichwa chake kwa mkono ulionyooka.